Springfield Iliyovuliwa Sare

Mwishoni mwa mwaka 1903 Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani, aliagiza bunduki kwa Jenerali William Crozier, mkuu wa idara ya silaha za jeshi. Hakuagiza bunduki ya sherehe iliyotiwa dhahabu. Aliitaka ileile ya askari wa miguu ambayo kiwanda cha serikali cha mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza kuiunda, lakini ije kwake ikiwa imevuliwa sare. Ubao mrefu wa kijeshi, uliofunika mtutu karibu hadi mdomoni, uliondolewa. Kitako kikachongwa upya kwa kipimo cha bega na shavu lake, vilengeo vikawekwa vya kumfaa mtu mwenye macho dhaifu, na chuma chenyewe kikabaki kama kilivyotoka kwenye mashine za jeshi.

Hivyo ndivyo Springfield moja iliyozaliwa kwa ajili ya vita ilivyogeuzwa kuwa ya mawindo. Baada yake zilifuata nyingine maelfu kwa maelfu, na nyingi hazina jina la fundi wala la mwenyewe. Zimelala makabatini, zimerithiwa kutoka kwa babu, zimeuzwa minadani, na hadi leo kuna mtu anayeishika moja na kuuliza: hii ni nini, imechongwa na nani, imepita wapi? Njia ya bunduki hizo inapita Mombasa, Kapiti, Machakos na Serengeti. Kwa hiyo ni historia ambayo nasi tumo ndani yake, na sehemu yetu haijasimuliwa vya kutosha.

Roosevelt alikuwa na sababu yake ya kuipenda silaha hiyo mpya. Tarehe 1 Julai 1898, huko Cuba, alipanda vilima vya San Juan akiwa na kikosi chake cha wapanda farasi, na walioketi juu wakimsubiri walikuwa Wahispania wenye bunduki za Mauser. Mauser ile ililishwa risasi tano kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye kibanio cha bati. Wamarekani wengi wa jeshi la kawaida walikuwa na Krag, ambayo risasi zake ziliingizwa kwa mkono kupitia kimlango cha ubavuni. Vita vilipokwisha, wahandisi wa Springfield waliketi na Mauser walizoziteka, wakazisoma sehemu kwa sehemu, wakaunda bunduki iliyofanana nazo mno. Kampuni ya Mauser ililalamika kuwa hati zake za uvumbuzi zimeingiliwa, na serikali ya Marekani ikakubali kulipa dola 200,000. Kwa hiyo mtu anaposhika Springfield ya mwaka 1903 ameshika pia mawazo ya Kijerumani yaliyonunuliwa kwa fedha za walipa kodi wa Marekani.

Rais hakuridhika na kila kitu. Bunduki za kwanza zilikuwa na singe nyembamba kama ufito, iliyochomolewa kutoka chini ya mtutu. Mwanzoni mwa Januari 1905 Roosevelt alimwandikia waziri wake wa vita, William Howard Taft, kwamba singe hiyo ni dhaifu kupita kiasi. Kazi kiwandani ilisimamishwa na muundo ukabadilishwa. Mwaka 1906 yakaja mabadiliko makubwa zaidi: risasi mpya yenye kichwa kilichochongoka na ganda fupi kidogo, ile ambayo wawindaji wa dunia nzima wanaijua kwa jina la thelathini-sifuri-sita. Bunduki zilizokwisha kuundwa zilirudishwa, mitutu ikafupishwa upande wa nyuma kwa kiasi cha nusu sentimita, kisha ikachongwa upya ipokee risasi hiyo. Anayeichunguza Springfield yenye mtutu wa mwaka 1904 au 1905 anaanzia hapo: tarehe inasema jambo moja, tundu la risasi linasema jingine, na yote mawili ni kweli.

Tarehe 21 Aprili 1909, baada ya kumaliza urais wake, Roosevelt aliteremka Mombasa kutoka kwenye meli ya Kijerumani iitwayo Admiral. Alifuatana na mwanawe Kermit na wataalamu watatu wa viumbe waliotumwa na taasisi ya Smithsonian: Edgar Mearns, Edmund Heller na J. Alden Loring. Walipanda treni ya Reli ya Uganda hadi kituo cha Kapiti, na hapo palikuwa pamejengwa mji mzima wa mahema, na wapagazi zaidi ya 200 wakiwasubiri. Katika mizigo yake mwenyewe zilikuwamo bunduki tatu za risasi. Ya kwanza ilikuwa Winchester ya mwaka 1895 yenye mtutu mpana. Ya pili ilikuwa Holland & Holland ya mitutu miwili, zawadi ya marafiki wa Uingereza, kwa ajili ya tembo na vifaru. Ya tatu ilikuwa ile Springfield.

Safari ile ilikwenda hadi Khartoum, ikaishia huko Machi 1910. Baba na mwana waliua wanyama 512 kwa hesabu waliyoichapisha wenyewe, na vielelezo vyote vilivyopelekwa Washington, pamoja na panya, ndege na mimea, vilizidi 11,000. Idadi hiyo ilishangaza watu hata wakati ule, na mimi siwezi kuiandika bila moyo kusita. Lakini kitabu alichokiandika Roosevelt, kilichotoka mwaka 1910, kina jambo ambalo vitabu vingi vya wawindaji wa enzi yake havina: kinawataja kwa majina watu waliokuwa wakiishika bunduki kila siku zaidi kuliko yeye. Kermit alikuwa na Juma Yohari, Mswahili, na Kassitura, Msoga mwenye umbo kubwa. Roosevelt mwenyewe alifuatana na Bakari na Gouvimali. Hao ndio waliotembea hatua chache nyuma ya mwindaji, bunduki begani, wakijua ni ipi itahitajika kabla ya kuambiwa.

Karibu na Machakos, kwenye shamba la Sir Alfred Pease lililoitwa Kitanga, Roosevelt aliwinda simba. Miongoni mwa Wazungu waliokuwa wakiishi maeneo yale alikuwamo kijana mmoja Mwingereza, Philip Percival, aliyepanda farasi pamoja nao. Jina hilo litarudi.

Kitabu cha Roosevelt na makala zake zilizokitangulia ziliwafikia watu ambao hawangeiona Afrika maisha yao yote. Mmoja wao alikuwa Seymour Griffin, seremala wa samani mjini New York. Aliposoma habari za Springfield ile, alikwenda kwenye duka la Von Lengerke & Detmold, akanunua kipande cha mbao ya mjozi kwa dola 5, akajichongea kitako cha bunduki yake. Marafiki walikiona, wakataka vya kwao. Mkono uliozoea kuunganisha kabati na kiti bila kuacha upenyo hata wa unywele ulikuwa ndio mkono uliohitajika, kwa sababu kazi ngumu kuliko zote katika kugeuza bunduki ya jeshi ni kuulaza mtutu na chuma chake ndani ya mbao mpya, vikutane kila mahali bila kubanana. Mbao ikisukuma mtutu upande mmoja, risasi nayo huhama shabaha kila mvua inaponyesha na kila jua linapowaka.

Miaka ileile, upande wa pili wa nchi, mjini Los Angeles, fundi aitwaye Ludwig Wundhammer alipokea agizo kutoka kwa Edward Crossman, mwandishi wa habari za shabaha, la kuvalisha mbao mpya Springfield chache. Moja ilikuwa ya mwandishi wa riwaya Stewart Edward White, na mwaka 1910 White alifika nayo Afrika ya Mashariki. Shingo ya kitako cha Wundhammer ina uvimbe mdogo upande wa kulia, unaojaza kiganja cha mwenye kushika, na hadi leo mafundi wa Marekani wanauita kwa jina lake. Anayetafuta asili ya bunduki isiyo na jina huanza na alama za namna hii, kwa kuwa fundi anaweza kukosa kugonga muhuri lakini mkono wake haumwachi.

White naye aliandika, na katika maandishi yake mtu anayeng'ara ni Memba Sasa, mbeba bunduki wake. Anaonekana akisoma nyayo, akipokezana bunduki bila neno, akimhukumu bwana wake kwa jicho la mjuzi. Mwaka 1913 White alirudi, safari hii akavuka mpaka na kuingia Afrika ya Mashariki ya Wajerumani pamoja na mwongozaji R. J. Cuninghame, ambaye ndiye aliyeuongoza msafara wa Roosevelt. Walishuka hadi kwenye nyanda za kaskazini mwa Serengeti, wakakuta makundi ya wanyama ambayo White aliyaeleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1915.

Sasa tuitazame bunduki yenyewe, maana bila hilo majina haya yote hayana pa kushika.

Springfield ina kiunzi cha chuma ambamo mtutu umekazwa kwa mbele na ambamo komeo huenda na kurudi. Juu ya kiunzi hicho, mbele ya komeo, yameandikwa maneno ya kiwanda na nambari ya mfululizo. Kuna viwanda vinne tu vya kutazamia. Springfield Armory na Rock Island Arsenal vilikuwa vya serikali. Remington na Smith-Corona viliingia kazini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na Smith-Corona kwa kawaida kilikuwa kikiunda taipureta. Mtutu nao una chapa yake karibu na mdomo, nyuma ya kilengeo cha mbele: herufi za kiwanda, picha ndogo ya bomu linalowaka, kisha mwezi na mwaka. Fundi wa mawindo mara nyingi alifunika chapa hiyo kwa pete ya kilengeo kipya, au aliukata mtutu na chapa ikaenda nayo. Mtutu wa jeshi ulikuwa na inchi 24, yaani sentimita 61. Ukiwa na pungufu, mtu ameukata au ameubadilisha. Ukiwa na nyota ndogo imegongwa mdomoni, huo ulipimwa ndani kwa kifaa maalumu na kuchaguliwa kwa usahihi wake, na huenda bunduki ilianzia kwa mshindani wa shabaha.

Nambari ya mfululizo si ya kumridhisha mwanahistoria tu. Inaweza kuokoa jicho, hata uhai. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa Springfield walikaza feleji ya viunzi kwa moto huku wakikisia joto lake kwa macho: chuma kikifika rangi fulani ya wekundu, hutolewa tanuruni. Mafundi wale walikuwa stadi. Lakini siku ya jua kali, mwanga unapoingia dirishani, chuma chekundu huonekana kimepoa kuliko kilivyo, na siku ya mawingu huonekana kimewaka zaidi. Kwa hiyo viunzi vya siku za jua vilipata moto kupita kiasi, na feleji yake ikawa ngumu lakini yenye kuvunjika kama kigae. Mwaka 1917, risasi mbovu za wakati wa vita zilipoanza kulipuka ndani ya bunduki, baadhi ya viunzi vilipasuka mikononi mwa askari. Uchunguzi ukafanywa, vipima joto vikaletwa, na Februari 1918 Springfield ikaanza kukaza chuma kwa njia mpya, nambari zikiwa zimefika kama 800,000. Kwa Rock Island mpaka ni nambari 285,507. Julian Hatcher, ofisa aliyeifuatilia habari hii na kuiandika mwaka 1947, alikusanya kumbukumbu za viunzi 68 vilivyovunjika kati ya mwaka 1917 na 1929.

Ukizilinganisha na bunduki zaidi ya milioni moja za nambari za chini, 68 ni chache. Jeshi halikuzitupa zote. Ziliendelea kutumika hadi zilipoletwa kwa matengenezo makubwa, ndipo viunzi vikaondolewa. Lakini hakuna anayeweza kukuambia kwa kukitazama tu kama kiunzi chako kilikazwa siku ya jua au siku ya mawingu. Kwa maoni yangu Springfield ya mawindo yenye nambari ya chini, hata ikiwa na kitako cha kupendeza namna gani, ni ya kusomwa na kuhifadhiwa. Isipigwe risasi.

Ukweli huo haukuwazuia wafanyabiashara. Kampuni ya R. F. Sedgley ya Philadelphia, katika miaka ya kati ya vita viwili, iliunda na kuuza Springfield nyingi za mawindo, na baadhi ya viunzi vyake vilikuwa vile vya nambari za chini ambavyo iliviweka motoni upya. Wataalamu wa metali hawakukubali. Feleji iliyokwisha kuungua, kuichoma tena hakuirudishii nguvu zake. Sedgley iliandika jina lake juu ya mtutu, na kwa mtafiti jina hilo ni jibu na onyo kwa pamoja.

Griffin tulimwacha New York na kipande chake cha mjozi. Aliendelea na kazi hiyo pembeni hadi Kanali Townsend Whelen, ofisa wa jeshi na mwandishi aliyesomwa na kila mpenda bunduki wa Marekani, alipomkutanisha na James Howe, fundi wa chuma kutoka kiwanda cha risasi cha jeshi cha Frankford. Mmoja alijua mbao, mwingine alijua chuma. Mwaka 1923 wakafungua karakana ya Griffin & Howe. Howe hakukaa, katika muda wa miezi michache alihamia Hoffman Arms ya Cleveland, na jina lake likabaki ubaoni bila yeye. Mwaka 1930 karakana ikaingia chini ya Abercrombie & Fitch, duka la New York lililouza kila kitu cha porini, kuanzia hema hadi buti.

Springfield ya Griffin & Howe inajulikana hata ukifumba macho. Kitako ni chembamba, hakina mafuta yasiyo na kazi. Panapowekwa shavu pamechongwa mfano wa jani. Nakshi ya vimistari vilivyokatana kwenye shingo ya kitako imetulia, kila kidude kidogo cha pembe nne kikiwa na ncha yake. Upande wa kushoto wa kiunzi mara nyingi kuna reli ya kubebea darubini, inayotoka kwa kugeuza wenzo na kurudi palepale. Juu ya mtutu limeandikwa jina la karakana na nambari yake, tofauti na ile ya jeshi. Nambari hiyo ndiyo hazina, kwa sababu daftari za karakana zipo. Mwenye bunduki akiandika kuuliza, anaweza kujibiwa bunduki ilikamilishwa lini, kwa risasi gani na kwa mteja yupi.

Mmoja wa wateja hao, mwaka 1930, alikuwa Ernest Hemingway. Alikua Oak Park, karibu na Chicago, katika kizazi cha watoto waliolelewa na hadithi za Roosevelt. Desemba 1933 aliteremka Mombasa pamoja na mkewe Pauline na Springfield yake ya Griffin & Howe. Mwongozaji aliyemwajiri alikuwa Philip Percival, yule kijana wa Kitanga, ambaye sasa alikuwa mkongwe wa kazi hiyo, mwenye shamba Machakos. Walivuka kuingia Tanganyika, wakawinda Serengeti, na Januari 1934 Hemingway akaugua kuhara damu kwa amiba hata ikabidi ndege ndogo imchukue kumpeleka kutibiwa. Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1935, na ndani yake Springfield inatajwa kama mtu anavyomtaja mwenzake wa njiani. Mbeba bunduki, M'Cola, ndiye mhusika aliyechorwa kwa uangalifu zaidi ya wote, na heshima ya mwandishi kwake inakua ukurasa kwa ukurasa.

Ukiufuata mnyororo huo, Springfield ya Rais ilipita Ukambani mwaka 1909. Kitabu kilichotokana nayo kikamfikia seremala wa New York. Seremala akaanzisha karakana. Karakana ikamuundia bunduki mwandishi, naye akaileta kwa mtu yuleyule aliyekuwa amepanda farasi na Rais. Miaka 24 ilipita kati ya safari hizo mbili. Sijui mfano mwingine ambao unaonyesha wazi hivi jinsi nchi yetu ilivyotengeneza biashara ya mafundi wa mbali, wakati vitabu vya mafundi hao vinaitaja kama mandhari tu.

Lakini bunduki nyingi zilizogeuzwa hazina Hemingway wala Griffin. Serikali ya Marekani iliwauzia wanachama wa chama cha taifa cha shabaha Springfield za ziada, na kuanzia mwaka 1924 kiwanda chenyewe kikawaundia toleo la mawindo, lenye mtutu wa nyota na kilengeo cha nyuma cha Lyman. Baada ya mwaka 1945 yakaja mafuriko. Springfield, Enfield, Mauser za Ujerumani na za nchi zilizonunua kwake, zote ziliuzwa kwa posta kwa bei ya jozi ya viatu. Mtu aliagiza bunduki, akaagiza kitako kilichochongwa nusu kutoka kwa Bishop au Fajen, karakana mbili za mji mdogo wa Warsaw, Missouri, kisha akajifungia bandani na tupa, msasa na mafuta ya kitani. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1968. Rais Kennedy alikuwa ameuawa mwaka 1963 kwa bunduki ya kijeshi ya Kiitaliano iliyonunuliwa kwa posta, na miaka mitano baadaye Bunge likapiga marufuku biashara hiyo ya posta kwa raia.

Ndiyo maana mtafiti anayeshika bunduki isiyo na jina hapaswi kukimbilia kusema ni ya fundi mkubwa. Afungue skrubu kwa bisibisi iliyokaa sawa kwenye mfereji wake, kwa sababu skrubu iliyochubuliwa haiponi. Autoe mtutu kwenye mbao, atazame chini yake. Huko, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki, fundi bora na fundi wa bandani hujitenga. Mmoja ameacha mbao safi, imefuata chuma kila kona. Mwingine ameacha mapengo aliyoyajaza gundi. Huko pia huonekana namba za penseli, herufi za mwanzo za jina, au chapa iliyogongwa na fundi kwa ajili yake mwenyewe. Chini ya bamba la kitako, ndani ya mbao, mara nyingine hukutwa jina la mteja.

Mauser huongea lugha nyingine. Nchini Ujerumani sheria ilitaka kila mtutu ujaribiwe kabla ya kuuzwa, na wajaribu wa Suhl au Zella-Mehlis waligonga taji na herufi, na mara nyingi mwezi na mwaka. Taji lilidumu hadi karibu na Vita vya Pili, kisha tai akachukua nafasi yake. Kwa hiyo kiunzi cha jeshi cha mwaka 1916 chenye mtutu uliojaribiwa mwaka 1927 kinasimulia chenyewe: askari aliiweka chini vita vilipokwisha, na miaka kumi na moja baada ya kuundwa kwake mtu wa mawindo akaichukua. Waingereza nao walikuwa na nyumba zao za majaribio, London na Birmingham, na Lee-Enfield nyingi zilizogeuzwa kuanzia miaka ya 1950 zina herufi BNP na kiwango cha shinikizo kilichoandikwa kwa tani. Atakayeikuta Lee-Enfield ya namna hiyo Nairobi au Arusha asishangae. Zilikuwa silaha za kawaida za walowezi na maofisa wa wanyamapori hadi uwindaji ulipofungwa, Tanzania mwaka 1973 kwa miaka kadhaa, Kenya moja kwa moja mwaka 1977.

Makosa mabaya kuliko yote hufanywa na watu wanaopenda. Wanaipata bunduki ya babu ikiwa imechakaa, wanaipiga msasa mbao hadi nakshi inalala, wanaitia chuma rangi mpya nyeusi inayong'aa, na kwa siku moja wanafuta miaka themanini. Chapa zilizofifia zinaisha kabisa. Mafuta ya mikono yaliyoijaza mbao yanaondoka. Mwenye bunduki ya aina hii asifanye lolote kabla ya kupiga picha kila herufi, kila tundu la skrubu lisilo na kazi, kila alama ya kilengeo kilichoondolewa. Matundu hayo ni ushahidi. Yakiwa mawili juu ya kiunzi, yaliyotobolewa kwa ajili ya darubini, aghalabu ni ya baada ya mwaka 1945, hata kama mbao ni ya mwaka 1925.

Kuna mahali pa mwisho pa kutazama, ndani ya mtutu, na hapa narudi kwa akina Juma Yohari na Memba Sasa. Risasi za jeshi la Marekani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ziliwashwa kwa fataki yenye kemikali ya klorati. Ikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo hufyonza unyevu wa hewa. Baruti ikifutwa kwa mafuta peke yake, chumvi hubaki chini. Katika msimu wa mvua, usiku mmoja unatosha kuanza kutu, na wiki chache zinatosha kuharibu mifereji inayoizungusha risasi. Dawa yake ilikuwa maji, ya moto kama yapo, kisha kukausha, kisha mafuta, jioni ileile, hata kama msafara umetembea mchana kutwa na moto wa kupikia haujawashwa. Kazi hiyo haikuwa ya bwana. Ilikuwa ya mbeba bunduki.

Kwa hiyo Springfield iliyokwenda Afrika ya Mashariki kabla ya vita, ikiwa na mtutu wake wa kwanza, tarehe ikisomeka, na mifereji ikiwa bado na kingo kali, haiwezi kuelezwa na fundi wa New York wala na mwenye jina kwenye daftari. Mtafiti aandike hali ya mtutu katika ripoti yake pale anapoandika nambari ya kiunzi na jina la karakana. Kisha afungue shajara ya mwindaji, orodha ya mishahara ya msafara, au kitabu kama kipo, atafute nani alilipwa kwa kubeba bunduki, na jina hilo aliandike kwenye mstari huohuo.